Siku moja maishani mwangu: haa ndefu na haa fupi

Saa 11:10 alfajiri

Kikohozi cha mama ndicho kinachoniamsha, kabla ya jogoo wa jirani na kabla ya adhana ya msikiti wa mtaani. Ukuta unaotenganisha vyumba vyetu ni mwembamba, kwa hiyo hata nikiwa bado nimefumba macho huwa nimekwisha kujua alivyolala. Kikiwa kikavu cha juu juu, najua usiku ulikuwa mwepesi. Kikiwa na mkoromo chini yake, kama maharage yanayotokota ndani ya sufuria iliyofunikwa, najua kwamba makohozi yamejaa. Leo ni mkoromo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya serikali hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Watu wengi hudhani kazi yetu ni kunyoosha viungo vya waliopooza na waliovunjika, na kwa kweli hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, lakini moyo wangu uko kwenye kifua, na sababu yenyewe ndiyo hiyo inayokohoa nyuma ya ukuta.

Mama aliugua kifua kikuu mwaka 2009, akameza dawa zote hadi mwisho, akapimwa, akaambiwa amepona. Alipona kweli, vijidudu vya kifua kikuu havijaonekana tena tangu wakati huo. Ila sehemu ya chini ya pafu lake la kulia haikurudi kama ilivyokuwa. Mirija ya hewa ilitanuka na kulegea, ikapoteza vijinywele vinavyopaswa kupepea usiku na mchana vikisukuma ute kuelekea kooni, na tangu hapo ute hutuama humo kama maji ya mvua kwenye barabara yenye mashimo. Hali hiyo huitwa bronkiektasisi, na aliyeieleza kwanza, mwaka 1819, ni Mfaransa Laennec, yuleyule aliyebuni stethoskopu. Kohozi likituama, vijidudu hustawi. Vijidudu vikistawi, mirija huvimba na kuharibika zaidi. Mirija ikiharibika, kohozi hupata mahali papana zaidi pa kutuama. Antibayotiki hupunguza vijidudu, lakini kohozi lenyewe ni lazima mtu alitoe.

Tunaanza na inhela ya salbutamol. Mama huivutia kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita niliyoitoboa kwenye kitako, tundu likabana vizuri mdomo wa inhela, kwa sababu vidole vyake vyenye baridi yabisi haviwezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Mara mbili, kisha tunasubiri robo saa dawa ifungue mirija, naye anakunywa kikombe cha maji ya uvuguvugu. Kisha anajilaza kwa ubavu wa kushoto, upande mgonjwa ukiwa juu, ili uzito wenyewe wa kohozi utusaidie.

Hatua ya kwanza ni pumzi tulivu: mkono juu ya tumbo, mabega yamelegea, hewa inaingia na kutoka bila haraka, kama mtu aliyeketi akisubiri chai. Hatua ya pili ni pumzi pana. Anavuta hewa taratibu kwa pua hadi nahisi mbavu zikifunguka chini ya kiganja changu, anaizuia huku nikihesabu moja, mbili, tatu, kisha anaiachia itoke yenyewe. Mara 3 au 4 zinatosha. Zikizidi, kichwa huanza kuzunguka. Kule kuizuia pumzi si mbwembwe. Vifuko vidogo vya hewa vina vitundu vinavyoviunganisha na majirani zao, na hewa ikipewa muda hupenya kwa njia hizo za uani mpaka nyuma ya kohozi, mahali ambapo mlango wa mbele umezibwa. Bila hewa nyuma yake, kohozi halina kinacholisukuma.

Tunarudi kwenye pumzi tulivu, ndipo inafuata haa. Anafungua kinywa na koo, kisha anapuliza kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo cha miwani ili akifute: haaa. Haa ndefu huanza na pumzi ya kawaida na kuendelea mpaka tumbo limejibana na hewa inakaribia kwisha. Hiyo huliondoa kohozi kwenye mirija ya mbali. Haa fupi huanza kifua kikiwa kimejaa. Hiyo hulitoa lililokwisha kufika kwenye mirija mikubwa. Haa moja au mbili, halafu pumzi tulivu tena.

Kiganja changu kiko mgongoni kwake, chini ya bega la kulia, na katika mzunguko wa kwanza sisikii kitu. Katika mzunguko wa pili unatokea mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma chini ya kanga. Katika mzunguko wa tatu mtetemo umepanda juu, karibu na shingo, naye anainua kidole kunizuia nisiseme, anaketi, anapiga haa fupi moja, anakohoa mara moja tu, anatema kwenye kikombe chenye mfuniko.

“Baba, leo limekubali,” ananiambia.

Tunaendelea mpaka haa mbili mfululizo zinatoka kavu. Naandika kwenye daftari: vijiko viwili vya chai, manjano mpauko, hakuna damu. Rangi ya kijani iliyokolea au kiasi kinachoongezeka ghafla hutuambia mapema kuliko homa kwamba kuna maambukizi mapya.

Saa 1:30 asubuhi

Niko juu ya boda, na moshi wa majiko ya kuni umelala juu ya mabati ya nyumba kwa sababu upepo bado haujaamka. Kuna utafiti uliofanywa wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015, uliokuta takribani watu 16 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na karibu wote walikuwa wakivuta moshi wa kuni au wa mabaki ya mimea nyumbani. Wanaume wavutaji wa tumbaku tumezoea kuwatafuta kwa ugonjwa huu. Mama anayepika kwenye jiko la mafiga matatu hatufikirii kumpima.

Saa 2:15 asubuhi

Mgonjwa wa kwanza wa kifua ni mzee aliyelima tumbaku miaka mingi, na akaivuta pia. Anaingia akiwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, maana mkao huo ndio unaomwachia hewa. Ananiita daktari, jambo ambalo si kweli, na nimekwisha kuchoka kulisahihisha.

“Shikamoo, mzee. Umelalaje?”

“Marahaba, mwanangu. Nimekohoa usiku kucha, na hakuna kilichotoka.”

Sentensi hiyo naisikia kila siku. Mapafu yake yamepoteza mvutano, na mirija yake ni laini kama mpira wa zamani. Kila anapokohoa kwa nguvu zote, msukumo wa kifua unaibana mirija kwa nje na kuifunga kabla kohozi halijapita. Ni sawa na kuukanyaga mpira wa kumwagilia bustani kisha ukalalamika kwamba maji hayatoki. Namfundisha kwanza kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepuliza uji wa moto kwenye kijiko: anavuta kwa pua kwa hesabu ya 2, anatoa kwa hesabu ya 4. Baada ya dakika chache mabega yake yanashuka. Haa tunaifanya ya upole, isiyofika mwisho wa pumzi, kwa sababu kwa mtu wa namna yake haa yenye nguvu nyingi huleta madhara yaleyale ya kikohozi. Makohozi yake ni machache, na sitaki aondoke hapa akiamini kwamba tatizo lake ni uchafu tu unaohitaji kutolewa.

Saa 3:20 asubuhi

Maabara inanituma kwa mwanamke ambaye vipimo vyake haviwezi kufanyika kwa sababu chupa yake ina mate. Mate si kohozi, na mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye kohozi, ikipewa mate hujibu kuhusu mate. Tunatoka naye nje, chini ya mwembe, mahali penye jua na upepo, nami nimevaa barakoa na nimesimama kando yake, si mbele yake. Anasukutua kinywa kwa maji, anapumua kwa utulivu, anavuta pumzi pana tatu, anapiga haa ndefu mbili, haa fupi moja. Kohozi linafika. Kazi yote imechukua dakika 8.

Ananieleza kwamba katika zahanati moja alikokuwa akienda zamani amepewa dawa za kifua kikuu mara tatu katika miaka sita, na mara mbili za mwisho hakuna aliyempima kohozi; alitazamwa tu kifua kwenye picha ya eksirei, kovu likaonekana, dawa zikaandikwa. Simlaumu sana aliyeandika, maana kovu la zamani na ugonjwa mpya hufanana kwenye picha, na mgonjwa anayekohoa mbele yako anadai jibu. Lakini mwanamke huyu amekaa miaka sita akitengwa sahani na kikombe nyumbani kwake kwa ugonjwa ambao pengine uliisha mara ya kwanza. Tutajua majibu yakirudi.

Saa 4:40 asubuhi

Hii ndiyo saa niipendayo. Mvulana wa miaka 15, aliyepata nimonia kali baada ya surua akiwa mdogo, amekuja na shangazi yake kutoka makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Yeye anazungumza Kiarabu cha Juba, shangazi anaongeza Kiswahili alichojifunza sokoni, na mwanafunzi wangu wa mazoezi ya kazi anajua Kilugbara na Kiingereza. Mwisho wa yote Kiswahili ndicho kinachotubeba.

Mwanafunzi anauliza kwa nini tusimpigepige mgongo, kama alivyoona wakifanya wauguzi wa zamani. Namjibu kwamba kumpiga mgongo si kosa, na kwa mtoto mchanga kuna wakati tunafanya, lakini mgonjwa huyu ataishi na mirija hii miaka 50 na mgongo wake hauwezi kumsubiri mtu mwingine kila asubuhi. Namsimulia kwamba haa iliandikwa huko New Zealand mwaka 1968, ikiwa zoezi la wagonjwa wa pumu, na kwamba mwaka 1979 Pryor na Webber wa Hospitali ya Brompton, London, waliieleza kama njia ambayo mgonjwa anaweza kuitumia peke yake bila mikono ya mtu. Jambo ambalo wataalamu hao walilikazia, na ambalo karibu kila ninayemfundisha huliruka, ni mapumziko ya pumzi tulivu katikati. Watu huyaona kama muda uliopotea. Lakini haa zikifuatana bila mapumziko mirija hujikaza, hasa ya mwenye pumu, na mgonjwa anaishia amechoka, anakoroma kifua, na kohozi liko palepale. Mimi nikipewa mgonjwa anayedai mbinu hii imeshindwa, kwanza namtazama anavyopumzika.

Kwa mvulana huyu tunaongeza chupa. Ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyooshwa, yenye maji ya kimo cha sentimita 10, na ndani yake mpira wa plastiki wenye upana wa ndani usiopungua milimita 8, uliokatwa urefu wa mkono. Anavuta pumzi kwa pua, anafunga midomo kuzunguka mpira, anapuliza polepole ili mapovu yaendelee kwa muda mrefu kadiri awezavyo. Uzito wa maji unairudishia pumzi yake shinikizo dogo, nalo huizuia mirija isijifunge mapema na kuipa hewa nafasi ya kupita nyuma ya kohozi, huku mapovu yakiitikisatikisa. Mara 10, pumzi tulivu, haa, kikohozi kimoja, kisha anarudia.

Upana wa mpira nausisitiza kwa sababu nilikosea mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilitumia mpira wa dripu, kwa kuwa ulikuwa umejaa wodini na haukugharimu kitu, na mgonjwa wangu akapuliza mpaka macho yakamtoka na kichwa kikamuuma. Mpira wa dripu ni mwembamba mno. Shinikizo linapanda mbali kuliko lile la maji. Mdomo wa chupa nao usizibwe kwa kizibo wala kitambaa, maana hewa lazima ipate pa kutokea. Maji yamwagwe kila siku, chupa na mpira vioshwe kwa sabuni na kuachwa vikauke, la sivyo mgonjwa atakuwa anavuta vijidudu alivyovifuga mwenyewe.

Mvulana anapuliza mara ya kwanza kwa pupa na maji yanaruka hadi kwenye shati la mwanafunzi. Shangazi anacheka mpaka anakaa chini. Mara ya pili mapovu yanatoka madogo madogo, yamepangana, na chumba kizima kinanyamaza kuyasikiliza. Mara ya sita anaiweka chupa chini ghafla, macho yamemtoka kwa mshangao, anapiga haa ambayo sijamwambia apige, na kinachotoka kinajaza theluthi ya kikombe: kijani, kizito, chenye harufu. Shangazi anamshika kichwa. “Hiki chote kilikuwa ndani ya mtoto?” Namwandikia arudi kwa daktari leo hii, kwa sababu harufu ile na rangi ile zinahitaji dawa.

Saa 6:30 mchana

Wodini naombwa “kumtoa makohozi” mwanamke aliyelala kitanda cha dirishani. Naangalia kikombe chake kwanza, na ndani yake kuna damu mbichi, si michirizi bali kiasi cha kuonekana kwa mbali. Simgusi. Namwomba abaki ametulia, nauliza ni upande gani anaohisi joto au maumivu, namwita daktari, nabaki naye mpaka daktari afike. Hakuna haa, hakuna kupigapiga, hakuna kuinamisha kitanda.

Tukizungumzia vitanda: bado nakuta matofali mawili yamewekwa chini ya miguu ya kitanda ili kichwa cha mgonjwa kishuke. Hesabu yake si ya kijinga, kwa kuwa sehemu ya chini ya pafu humwaga vizuri ikiinuliwa. Lakini mgonjwa mwenye kiungulia hupandishwa asidi kooni, mwenye moyo dhaifu hukosa pumzi, na aliyekula muda si mrefu hutapika. Kulala kwa ubavu kitanda kikiwa sawa huwatosha wengi. Nayaondoa matofali, kesho yatakuwa yamerudi.

Saa 8 mchana

Chakula. Wagonjwa nao wanakula, kwa hiyo hakuna mazoezi ya kifua mpaka muda wa saa moja na nusu upite.

Saa 9:30 alasiri

Watu saba wanatembea kwenye veranda ndefu, wengi wao waliopona kifua kikuu lakini hawakupona kuhema. Tunafuata mpango uliojaribiwa Kampala na watafiti wa Makerere kwa wagonjwa wa aina hiyo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017: mara mbili kwa wiki, wiki 6, mazoezi pamoja na mafunzo. Kutembea pia hutoa makohozi, kwa sababu mwendo unamlazimisha mtu kuvuta pumzi pana bila kuhesabu, na ndiyo maana vikombe viko tayari mwisho wa veranda. Dada mmoja muuza samaki, ambaye wiki ya kwanza alipumzika mara nne kabla ya kufika nguzo ya mwisho, leo anafika bila kusimama na kugeuka kumsema aliye nyuma yake.

Saa 12:45 jioni

Nyumbani kuna wageni. Mama amewakaribisha wanawake wawili wa kanisani, chai iko mezani, na mazoezi ya jioni yamekwisha kupitwa na wakati wake. Nikimtazama anajifanya haoni. Mbele ya wageni mama hakohoi. Anameza, anatabasamu, anashika kifua kwa kiwiko. Miaka mingi imepita, lakini anakumbuka nani aliacha kuja mwaka ule.

Baadaye anainuka na kusema anakwenda kutazama moto jikoni. Jikoni hakuna moto. Nakaa na wageni, nawaongezea chai, huku sikio moja liko uani. Kimya. Kisha haa ndefu, ya chini, ambayo asiyejua angedhani ni mtu anayepuliza makaa. Kimya tena, na bila kukusudia nahesabu urefu wa kimya hicho, maana hapo ndipo kila mtu hukosea. Nafika ishirini na tano. Haa fupi. Kikohozi kimoja.

Anarudi akifuta mikono kwa kanga, anaketi, anamwambia mgeni aendelee na habari za harusi. Akipita kando yangu ananong’ona, “Kimoja, cheupe,” nami usiku naandika hivyo kwenye daftari.